Kilomita Kumi na Moja kwa Lita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mume wangu ametoa hukumu wakati wa chai. Ni mtu wa maabara ya maji, kazi yake kupima, na hakuna anachokiamini mpaka akipime. Sasa amelipima gari. Eti Kidoti anakwenda kilomita nane tu kwa lita moja. Gari dogo, la otomatiki, la kwendea sokoni, linakunywa kama lori la mchanga.

Hukumu yenyewe: leo tunajaza tangi mpaka shingoni. Jumamosi tunajaza tena, tunagawanya kilomita kwa lita. Ikifika kumi na moja, Kidoti anabaki. Isipofika, anachukuliwa na kinyozi wa hapo kona, ambaye keshauliza bei mara mbili.

Nimeuliza mimi nitakwendaje shuleni. Akasema nitapanda na dada yake, hospitali yake iko njia hiyohiyo.

Dada yake! Wifi yangu muuguzi! Ana gari la aina ileile, mwaka uleule, na kila tukikutana lazima atupie kwamba lake linakwenda kumi na sita. Nimemwita Wifi Kumi na Sita, kimoyomoyo. Ukipanda kwake unakung'uta viatu kwanza, kisha unafundishwa kukunja shuka mpaka unashuka. Nilipanda mara moja tu, Kidoti alipokuwa kwa fundi. Nilifika kazini nataka kulia.

Kumi na moja itapatikana. Mimi ni katibu muhtasi wa shule yenye wanafunzi mia tisa. Siwezi kushindwa na tangi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkakati wa kwanza: upepo. Nimesikia tairi gumu linateleza vizuri. Nikamwambia kijana wa pampu ajaze mpaka nimwambie basi. Sikumwambia basi mapema. Kidoti sasa anaruka kila akikutana na jiwe, hata la ukubwa wa harage.

Mkakati wa pili: kiyoyozi kizimwe kabisa. Na madirisha yafungwe, kwa sababu yakiwa wazi upepo unaingia na kulivuta gari nyuma. Hili nililifikiria mwenyewe.

Bahati mbaya leo ndiyo siku niliyoahidi kumpeleka mama mkwe kliniki ya macho hospitalini. Saa saba mchana. Jua la kukausha nguo kwa dakika tano. Mama mkwe ni mtu wa heshima, hasemi ovyo. Alivua mtandio. Kilomita mbili baadaye akavua miwani. Akaanza kujipepea kwa kadi ya kliniki. Nikamwambia kiyoyozi kinapumzika. Akaipepea kadi kwa kasi zaidi. Tukaruka juu ya tuta, kichwa chake kikagusa paa. Ndipo akanigeukia taratibu, jasho linamtiririka hadi kidevuni.

"Mwanangu," akasema, "nimekukosea nini?"

Kliniki hawakuweza kumpima macho, yalikuwa yamejaa jasho. Walimpima presha badala yake, wakamlaza kitandani nusu saa na feni. Muuguzi wa zamu alikuwa nani? Wifi Kumi na Sita. Zamu ilipoisha alimrudisha mama nyumbani yeye, kwa gari lake la baridi. Alinipungia mkono pale kwenye taa za barabarani. Mkono wa pole. Afadhali angenitukana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimegundua tatizo. Ni uzito.

Nimeamka mapema, mume akiwa bado anaoga. Nimetoa tairi la akiba. Jeki. Mazulia. Mwavuli. Kiti cha nyuma kilitoka kirahisi, nikapata moyo. Kiti cha mbele cha abiria kina bolti nne tu, na spana tunazo. Vyote vimeingia chini ya kitanda cha wageni. Kidoti amebaki na kiti kimoja, changu. Nilipoondoka nilimhisi mwepesi kama gazeti.

Halafu nakanyaga mafuta kistaarabu, kana kwamba chini ya kanyagio amelala kifaranga. Nimefika kazini nimechelewa dakika arobaini lakini nina furaha.

Saa tano Mwalimu Mkuu akaniita. Mkaguzi wa shule amemaliza kazi yake, gari lake limegoma, naomba umpeleke shule inayofuata. Nikasema gari langu lina matatizo kidogo. Mwalimu Mkuu akasema mkaguzi hana makuu.

Nikachukua kiti cha plastiki cha chumba cha walimu. Nikakipangusa. Nikakiweka pale kiti cha abiria kilipokuwa. Mkaguzi alikitazama kwa muda. Kisha akaketi, faili mapajani, tai imenyooka. Kwa kweli hakuwa na makuu.

Safari ilianza vizuri. Taratibu sana. Muuza mikate wa baiskeli alitupita akamwamkia mkaguzi. Akasimama mahali kuuza mikate miwili. Akatupita tena, akamwamkia mara ya pili. Mkaguzi aliitikia zote mbili.

Likaja teremko refu la kushuka darajani. Nikaona fursa. Nikasogeza gia kwenye N, Kidoti ashuke bure, bila kunywa hata tone. Tulishuka kama ndoo kisimani! Mwendo wa bure ni mtamu, sikuwahi kujua. Chini kuna mzunguko. Nikataka kurudisha gia kwenye D, mkono ukapitiliza upande usio wake, Kidoti akatoa sauti ya krrrrr ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote. Nikakanyaga breki, nikakata kona, kisha nikakanyaga mafuta kwa nguvu. Kiti cha plastiki kikaondoka na mkaguzi wake. Kilikwenda hadi kwenye buti, kikagonga, kikarudi hadi bega langu. Faili lilibaki hewani muda mrefu kidogo kuliko yeye.

Hakuumia. Nilimwomba radhi mara saba. Akatoa daftari lake dogo akaandika kitu, sentensi ndefu. Kisha akasema hapa pametosha, atamalizia kwa miguu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mwalimu Mkuu ameniita asubuhi. Alikuwa na karatasi ya mkaguzi mkononi. Ufaulu wa shule: ukurasa mmoja. Usafiri wa shule: kurasa mbili. Akasema leo hii, kabla ya jua kuzama, viti virudi mahali pake na gari lionwe na fundi, la sivyo sitabeba tena hata chaki ya shule.

Viti vimerudi. Bolti moja imebaki mkononi, sijui ya wapi.

Fundi wetu ni mzee mmoja mwembamba anayezungumza na magari kuliko na watu. Alipunguza upepo kwenye tairi, huku akitikisa kichwa. Akatoa chujio la hewa, akalipiga kwenye goti lake. Lilitoka vumbi la kutosha kupanda mchicha. Akaweka jipya. Kisha akaingia ndani, akawasha, akatazama dashibodi.

Akauliza hii taa ya njano imewaka tangu lini. Imeandikwa O/D OFF.

Nikamwambia tangu zamani, miaka mitatu hivi, haina shida. Akauliza najua maana yake. Nikasema bila shaka, O/D ni Okoa Dizeli. Gari letu ni la petroli, kwa hiyo ni haki yake iwe OFF.

Fundi alishuka garini. Alikwenda nyuma ya karakana. Alirudi baada ya muda, macho mekundu, anajifuta kwa tambara la grisi. Akasema mama, O/D ni overdrive, yaani gia ya nne, na wewe umelifungia gari gia hiyo kwa miaka mitatu. Kwenye barabara kuu injini inahangaika na gia ya tatu kama mtu anayekimbia na viatu vya kubana. Akanionyesha kitufe kidogo ubavuni mwa mkono wa gia. Ni palepale ninapotundika mkoba wangu kila asubuhi. Mkoba ndio uliokibonyeza.

Akakibonyeza. Taa ikazima. Akasema basi, nenda.

Nimemshukuru, lakini kati yangu na daftari hili: simwamini. Injini nzima, na mapaipi yake yote, iokolewe na kitufe cha ukubwa wa punje ya hindi? Ni mzee. Amechoka. Nahitaji mkakati wa kweli.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mkakati wa kweli umepatikana. Sijui kwa nini nilikuwa nahangaika na viti.

Mume atapima nini kesho? Lita zitakazoingia. Basi lita zikiingia leo kimyakimya, kesho zitaingia chache. Hesabu ya darasa la nne.

Nimekwenda kituo cha mafuta na kidumu cha lita kumi. Mjazaji aliuliza ni ya nini, nikasema jenereta ya shule. Nikarudi hadi maegesho ya walimu, nikakunja karatasi ya mtihani wa jiografia ikawa mrija wa kumiminia, nikamimina yote. Nilipiga mahesabu kwamba saba zingetosha. Nikasema kumi, tusiumbuke.

Jioni mume amesema nanuka petroli. Nikasema ni manukato mapya. Akanusa tena, kitaalamu, akaandika kitu kichwani. 

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya hukumu. Tumekwenda watatu: mimi, mume na kalamu yake, na Wifi Kumi na Sita aliyejialika kuwa shahidi. Kilomita za wiki: mia moja na themanini. Mjazaji akachomeka mrija. Lita mbili, nne, sita, nane. Tak! Tangi limejaa.

Mume akagawanya. Akafuta. Akagawanya tena. Akampa dada yake simu agawanye naye.

Ishirini na mbili na nusu.

Wifi alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nilihesabu moyoni, alikaa kimya dakika nzima. Ilikuwa dakika nzuri kuliko yoyote tangu niolewe katika ukoo huu. Nikaanza kumweleza kwamba siri ni utulivu, si kila dereva ana utulivu, nitamfundisha akitaka. Nilikuwa nimeshika kiuno kabisa.

Mjazaji alikuwa anafuta kioo cha mbele, kwa wema tu. Akainama dirishani.

"Mama, vipi ile petroli ya jana? Jenereta ya shule imewaka?"

Mume alifunga kofia ya kalamu. Wifi akaanza kukohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Tukarudi nyumbani. Mlangoni mume akasema kesho tunarudia. Tumejaza leo, sasa nitaendesha kilomita hamsini na sita, yeye akiwa amekaa pembeni yangu. Na kinyozi ameshaambiwa aje saa kumi alasiri.

Nimemwosha Kidoti kwa mikono yangu. Nimemwosha hata pale penye kutu ubavuni, panapompa jina. Nilidhani naosha gari, kumbe naaga. Nilikaa ndani peke yangu kidogo, nimeshika usukani. Nilijifunzia kuendesha humu. Humu ndimo mahali pekee ambapo hakuna anayeniita.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeendesha kimya. Sikuwa na mkakati wowote, yote ilikuwa imeniishia. Madirisha wazi, viti vyote mahali pake, upepo wa tairi wa kawaida. Mume alishika daftari, hakunitazama. Kwenye barabara kuu injini ilinguruma kidogo, kisha ikatulia, ikawa kama inaimba ndani ya pua. Mume akainua kichwa. Akauliza mbona haipigi kelele leo. Nikasema sijui, na kwa mara ya kwanza wiki hii ilikuwa kweli.

Kituo kilekile, mjazaji yuleyule, safari hii hakusema kitu. Lita nne kamili. Kilomita hamsini na sita.

"Kumi na nne," mume akasema. Akarudia polepole, "Kumi na nne, mke wangu." Akanipa mkono, kama wenzake wa maabara wanavyopeana sampuli ikitoka safi.

Kinyozi tulimkuta getini, amekuja na kitambaa chake cha kufutia kioo. Mume akamwambia gari haliuzwi. Kinyozi akaenda zake taratibu. Wifi amepiga simu kusema huenda pampu ya kituo ni mbovu. Mama mkwe amesema nimpeleke tena kliniki Jumanne, ila atakaa dirishani, na dirisha liwe wazi.

Mume amenifafanulia mezani, akichora: ni gia ya nne iliyorudi, chujio jipya, upepo sahihi, mwendo wa taratibu. Hakuna miujiza, akasema, na nisiguse tena kitu nisichokijua. Niliitikia kila kitu. Ni kweli tupu, na nimejifunza mengi.

Lakini kumi na nne si kumi na sita. Zimebaki mbili, na Wifi anajua zimebaki mbili.

Nimeshuka sasa hivi kumtazama Kidoti kabla jua halijazama. Karibu na gia kuna kitufe kingine, sijawahi kukitumia. Kimeandikwa SNOW. Nimetafuta kwenye kamusi: ni theluji. Sasa jambo liko wazi kabisa. Injini ikipata theluji itapoa, na injini iliyopoa haisikii kiu.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nakibonyeza. Nitavaa sweta.