Mto Unaojaa na Kupwa, Chini ya Wamagana

Jumatatu, Januari 26

Nimegundua! Mto wetu unajaa na kupwa. Kama bahari! Hapa hapa chini ya Wamagana, milimani, ambapo watu wengi hawajawahi kuonja maji ya chumvi.

Ushahidi: ufito wenye alama za rangi ya kucha, nimeusimika katika maji yaliyotulia mbele ya shamba la Cucu, bibi yangu mzaa baba. Alhamisi maji yalishuka saa kumi na moja alfajiri. Ijumaa saa kumi na mbili. Jumamosi saa moja. Leo saa mbili. Hukaa chini kwa saa nyingi, kisha hupanda. Kila siku saa moja mbele! Vitabu vinasema iwe dakika hamsini, na iwe mara mbili kwa siku. Mwinuko wetu, bila shaka. Na mara ya pili labda huwa nimelala.

Jana sikupima. Cucu hakubali mtu asimame mtoni wakati wa ibada. Kwa hivyo kuna saa moja haijulikani ilienda wapi. Sayansi huruhusu makosa madogo.

Miaka miwili nina shahada ya sayansi ya bahari na sina bahari. Cucu huwaambia watu nilisomea samaki. Sasa bahari imenifuata nyumbani. Nitakodisha mashua! Ndogo ndogo, safari ya siku nzima, mlima ukionekana asubuhi, chai na viazi vitamu mchana.

Sijamuuliza mtu yeyote kuhusu mto. Wazo la kisayansi huibwa likiwa bado bichi.

Jumanne, Januari 27

Maji yameshuka saa tatu kamili. Nilipiga kelele. Ng'ombe wa jirani alikata kamba.

Nimemwomba Cucu ukingo wa mto, sehemu yote ya nduma. (Rafiki zangu wa pwani huziita majimbi na hawajui kuzipika.) Cucu amezilima nduma hizo tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Alizungusha chai kikombeni mpaka ikapoa. Kisha akasema nimebeba jina lake, Wakiuru, kwa hivyo hawezi kuninyima bila kujinyima mwenyewe. Lakini ana sharti. Nilete kikundi kimoja tu cha wageni, na kiende nyumbani kimefurahi. Kikifurahi, ukingo ni wangu milele. Kikinuna, nduma zinarudi na mimi naenda kwa shangazi Nakuru kuuza viatu dukani kwake.

Viatu! Nikawaza maisha yangu yote nikipiga magoti mbele ya soksi za watu. Nimekubali sharti.

Nimeng'oa nduma mchana kutwa. Cucu amechukua miche, akaifunika kwa gunia lenye maji chini ya mti. Jioni nimemwona akiinyunyizia. Mzee ana huzuni. Nimeheshimu huzuni yake, nikapita kando.

Alhamisi, Januari 29

Nimerudi kutoka Nanyuki na mashua tatu!

Zilikuwa za hoteli iliyofungwa. Zilinunuliwa na Garad, mfanyabiashara wa mifugo, mtu mpole sana. Alikuwa anazitumia kunyweshea mbuzi. Aliniambia, dada, chombo hiki mbuzi wanakipenda kuliko birika la simiti, fikiria tena. Nilimwambia kwa upole kwamba chombo hiki kimezaliwa kubeba binadamu. Akasema sawa, lakini mbuzi hasahau. Sikuelewa. Tukaafikiana bei, tukapakia kwenye pikapu.

Mbao ni nzuri. Harufu itaisha. Nimezipa majina: Bamvua, Mwezi Mpevu na Maji Mafu. Cucu amesema hapandi chombo chenye neno mafu. Nimemweleza kwamba maji mafu ni wakati bahari haijai sana. Amesema hata hivyo.

Nimetengeneza maboya ya kuvaa kutoka kwa mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia. Nimejaribu moja. Nilielea! Kichwa chini, lakini nilielea.

Jumatatu, Februari 2

Ninapelelezwa.

Ni Gathogo. Nilisoma naye shule ya msingi, mimi wa kwanza, yeye wa thelathini na moja. Sasa kamati ya maji imempa kazi fulani ya kuzunguka na gambuti, yale mabuti ya mpira. Nimeona kila siku anapita kando ya mto kwenda juu, na dakika ishirini baadaye maji yanashuka. Ijumaa alipita mchana saa sita kasorobo. Jumamosi saa saba kasorobo. Leo saa nane kasorobo.

Maana yake ni moja tu. Ameiba jedwali langu la saa za maji! Anajua saa ya maji kupwa kabla hayajapwa! Na anakwenda wapi huko juu kama si kupima kwa siri? Mfukoni anachezea kitu cha chuma. Kifaa.

Leo alisimama, akacheka mashua, akaniita Nahodha. Akauliza kama nimepata leseni ya kuvua viluwiluwi. Nilifunika daftari kwa khanga, nikamwambia ashughulikie gambuti zake. Akasema, "Wakiuru, wewe uliza tu, mimi nitakuambia." Ndiyo! Niulize, ili ajue ninajua nini!

Jumatano, Februari 4

WAGENI! Akina mama tisa wa kanisa moja la Kerugoya, kiongozi wao anaitwa Monicah. Waliona tangazo langu: Safari ya Mashua Kwenye Mto Pekee wa Milimani Unaojaa na Kupwa. Monicah alipiga simu akitaka kujua kama mashua zina choo. Nilisema ni ndogo kidogo kwa hilo. Akasema basi watajipanga.

Wanakuja Jumamosi. Jedwali linasema siku hiyo maji yatapwa saa moja jioni. Saa moja jioni! Mchana wote ni mto uliojaa pomoni! Nimelipamba jedwali kama kadi ya harusi, nimelibusu, nimelibandika juu ya kitanda.

Ijumaa, Februari 6

Gathogo amekuja hadi mlangoni. Amenyoa ndevu. Nilijifungia jikoni nikaimba kwa sauti mpaka aondoke. Aliacha ujumbe kwa Cucu: kesho nisitegemee maji.

Vitisho! Sasa ni vitisho waziwazi! Cucu akasema huyo kijana hana sura ya kutisha, alikuwa na haraka tu, kesho wanapeleka mahari ya binamu yake upande wa Othaya. Nikamwambia Cucu, hivyo ndivyo hasa wapelelezi huongea. Cucu akachukua kopo lake. Akatoka kwenda kunyunyizia miche yake.

Nimelala na ufito kando yangu.

Jumamosi, Februari 7

Naandika nikiwa na matope mpaka kwenye kope.

Saa tatu mlima ulikuwa wazi, theluji yote nje. Akina mama walishuka kwenye basi lao wakiimba, vitambaa vyeupe kichwani, kila mmoja na kikapu. Niliwavalisha mitungi. Monicah alisema anafanana na duka la jumla. Watatu watatu, mashua tatu. Nikawasukuma. Walielea! Wakapiga vigelegele vitano, vya furaha kamili! Maji Mafu ilikuwa mbele. Nilikimbia ukingoni nikitoa maelezo kuhusu mwezi na mvutano wake. Sijawahi kuwa na furaha hivyo. Nilimwona Cucu amekaa chini ya mti na nikafikiri: ukingo ni wangu.

Saa nne na nusu ufito ulionyesha maji yamepungua vidole viwili.

Nikaangalia jedwali. Nikaangalia ufito. Nikaangalia mbinguni, mwezi haukuwepo. Saa tano mashua zilikaa kwenye matope kama kuku wanaolalia mayai. Kisha mama mmoja katika Bamvua akauliza kama hii nayo iko kwenye bei.

Nikasema ni jambo la dakika chache. Nikaingia niwasukume. Nikazama hadi kiunoni. Nikaomba radhi nikiwa humo humo. Niliona duka la viatu. Niliona soksi.

Ndipo Monicah akashusha mkono matopeni hadi kwenye kiwiko. Akachota tope, akalifinya, akanusa. Akapaza sauti: "Hapa palikuwa na nini?" Cucu akajibu kutoka chini ya mti kwamba palikuwa na nduma. "Na ni mjinga gani alizing'oa?" Cucu alininyooshea kidole tu, kwa adabu.

Kisha akafunua gunia. Miche yote ilikuwa mibichi, imechipua! Akina mama walivua mitungi, wakakunja marinda, wakaruka matopeni. Mikono kumi na minane! Mmoja anachimba, mmoja anapanda, mmoja anaanzisha wimbo. Mashua walizitumia kubebea miche, wakizivuta kwenye tope kama mikokoteni isiyo na magurudumu. Cucu alisimamia akiwa wima kabisa, amepungua miaka ishirini. Alasiri tulikula viazi vitamu kwa mikono ya matope na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Monicah alisema ofisini kwake hajagusa udongo tangu Krismasi.

Saa kumi na moja Gathogo akatokea, suti nzima, viatu mkononi. Akapita kando ya mto kwenda juu. Baada ya dakika ishirini maji yakaja taratibu, yakaingia katikati ya mistari ya nduma. Akina mama wakapiga makofi.

Aliporudi alinionyesha kile kifaa. Ni ufunguo wa kufuli.

Ni yeye hufungua lango la mfereji huko juu, mashamba yanywe, na maji ya kwetu yanashuka. Akilifunga, yanapanda. Kila siku husogeza zamu saa moja mbele, ili asiwe mtu mmoja tu anayeamka usiku kila mara kwa ajili ya maji. Jumapili halifunguliwi. Leo zamu ilikuwa ya jioni, lakini kwa sababu ya mahari alilifungua asubuhi akaondoka na ufunguo. Alisema kila mtu huku anajua, hata watoto. Alisema angeniambia ndani ya dakika moja.

Jumapili, Februari 8

Ibada. Lango halikufunguliwa. Maji yalijaa siku nzima, kwa dharau.

Monicah amepiga simu. Hawajafurahi hivyo miaka mingi, na wanarudi nduma zikikomaa. Nilimpa Cucu simu asikie mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Sharti ni sharti, akasema. Kikundi kimeenda kimefurahi. Ukingo ni wangu milele.

Kisha akanipa jembe. "Palilia."

Nimetafakari sana usiku huu. Nimekuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi. Kuanzia leo nitauliza kwanza. Nimeandika hivyo juu ya kitanda, mahali pa jedwali.

Ijumaa, Februari 27

NIMEGUNDUA TENA!

Mashua nilizipandisha juu ya ukingo, nikazijaza maji ili mbao zisipasuke kwa jua. Jumanne nilizipima kwa mazoea tu. Maji yalikuwa yamepungua kiganja kizima kufikia saa tatu. Jumatano, saa nne. Jana, saa tano. Leo, saa sita!

Zinapwa! Ndani ya mashua! Bila mto, bila lango, bila ufunguo wa mtu yeyote! Bahari tatu ndogo, juu ya nyasi! Wageni watakaa ndani wakinywa chai huku maji yakishuka yenyewe. Hata matope hayatakuwepo! Tena pembeni nimekuta vidonge vidogo vyeusi, vigumu, vingi. Huenda ni madini. Nimechukua sampuli kwenye chupa.

Gathogo amepita sasa hivi akitoka langoni, na mbuzi wake kumi na wawili nyuma yake wakijilamba midomo. Akasema kuna kitu anataka kuniambia, ni cha dakika moja tu.

Nimefunika daftari.