Wimbo Niliokwangua Jina Lake

Jumatano, 4 Februari 1987. Barranquilla.

Ninayo! Binamu Eberto, utingo wa lori, kaniletea kutoka Bogotá santuri ya Lucelly Armenta, wimbo mtamu kuliko zote katika albamu yake ya kwanza. Mji mzima ninayo peke yangu. Jumapili alasiri Bi Nubia wa kamati anachagua pikó, yaani mtambo wa spika kubwa, ya kupiga mtaani Jumamosi ya kanivali: spika zangu, Tetemeko, au za Yamid, Papa Mweupe. Yamid! Spika zake zina kikohozi. Nimefanya wafanyavyo mabingwa wote wa pikó: nimekwangua lebo kwa sarafu, mpinzani asisome jina. Kasha lake nimelichoma jikoni.

Alhamisi, 5.

Mama anaimba wimbo wangu huku anakaanga arepa. Beti zote! Nikamuuliza nani kamtuma. Akageuza arepa kwanza.

"Mwanangu, huo hata kasuku wa padri anaujua. Redio inaupiga tangu Krismasi."

Bingwa hasikilizi redio. Na redio ya nani? Ya mwoka mikate. Mwoka mikate ni nani? Mjomba wake Yamid. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hesabu hiyo naiweza. Arepa nimekula tatu, kwa tahadhari.

Ijumaa, 6.

Yamid kapita dirishani, kanisalimu kwa heshima, kamuulizia mama hali. Heshima! Kuna jambo hapo. Nimekwangua lebo za santuri zote za nyumbani, hata za marehemu bibi. Akija kuiba, asijue aibe ipi. Akili kama hii ingekuwa Bogotá, ingepewa ofisi.

Jumapili, 8.

Nimehujumiwa. Nimetangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa unapigwa wimbo ambao hakuna sikio la Barranquilla lililowahi kuusikia. Nikashusha sindano. Rozari! Sauti ya askofu mwenyewe. Vikongwe wawili wakaitikia. Nikabadilisha: nyimbo za Noeli. Nikabadilisha tena: somo la kupiga taipu. Watu wanacheka mpaka wanashikilia ukuta. Hapo Yamid akapiga wimbo wa Lucelly Armenta. Lebo ya santuri yake ipo vilevile, inang'aa, santuri kainunua dukani kama mtu asiye na siri. Mtaa mzima ukaimba naye, mama yangu mbele.

Bi Nubia alikuja kunishika bega.

"Kijana, kanivali tumempa Yamid. Wewe tutakuita uje upige Ijumaa Kuu."

Jumatatu, 9.

Nimeliwaza jambo hili usiku kucha na kosa nimeliona. Nilikwangua kidogo mno. Eberto anarudi Bogotá leo, nimemwagiza wimbo wa pili wa Lucelly. Huo nitaukwangua mpaka mifereji ya santuri, hata sindano isijue inapiga nini. Tuone Yamid atapeleleza wapi.