Mtumishi Asiyepigana

Jumatatu, 3 Machi
Likizo! Kila jioni tunacheza nyuma ya duka la shemeji, dada wa mke wangu, juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Kila mtu ana mhusika wake wa kubuni, dadu zinaamua, shemeji ndiye msimulizi na hakimu. Tunaingia pangoni kutafuta taji. Kanuni yetu ni kali: mhusika wako akifa, unachemsha chai na kuosha vikombe mpaka wenzako watoke pangoni. Mimi? Sufuria? Thubutu!

Leo mchawi wangu amejifunza uchawi mpya. Wengine wanachukua moto na radi. Mimi nimechukua Mtumishi Asiyeonekana. Hali, halali, hanuni. Fundi saa, mchezaji mwenzetu, amecheka mpaka akakohoa, akasema nimeajiri mfagizi. Ngoja aone.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Mlango una mtego. Nikamtuma mtumishi aufungue. Mishale ikafyatuka, ikampata, akatoweka. Mshale mmoja tu unammaliza, maskini, lakini nani analia? Nikamwita mwingine palepale. Shujaa wa fundi saa, na misuli yake yote, alikuwa bado anatafuta ufunguo. Nikamuuliza fundi kama mfagizi wangu amefagia vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Jamani, shemeji ananionea. Tumemkuta mlinzi wa pango amelala. Nikaamuru mtumishi amchome kisu. Shemeji akasema hapigani. Nikaeleza kwa upole kwamba huko si kupigana, ni kuweka kisu mahali, na mahali penyewe pana shingo. Akakataa. Basi amwangushie jiwe! Akasema nguvu zake ni za kubeba ndoo. Basi atangulie atuchunguzie pango zima! Akasema hawezi kwenda mbali nami. Sasa huyu ni mtumishi au mgeni rasmi? Nikagonga meza. Pini zikamwagika. Nimeziokota mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Siandiki. Nimekasirika.

Naandika. Joka lilikuwa limelala, taji liko miguuni pake. Wenzangu walitaka tujipange kwanza. Mimi nikaona hapa ndipo pa kumziba mdomo fundi saa. Kwa kuwa mtumishi hafiki mbali, nikasogea peke yangu, nikajibanza nyuma ya nguzo, nikaamuru aniletee taji. Lo! Akalinyanyua bila sauti hata kidogo. Shemeji akaanza kutabasamu. Tabasamu lile nalijua, mke wangu analo. Akasema joka limefumbua jicho. Mtumishi halimwoni, lakini taji linaelea hewani, na hilo linaliona vizuri sana. Likalifuata kwa macho, polepole, mpaka nyuma ya nguzo.

Nikapiga kelele kwamba mtumishi anikinge. Shemeji akasema amesimama palepale, amenyoosha mikono, anasubiri nipokee taji. Joka likatema moto, nikabaki majivu. Wenzangu wakalizingira joka walivyopanga, wakalimaliza, na shujaa wa fundi saa akaliokota taji, akalipangusa majivu yangu. Safari ya kutoka pangoni bado ndefu, wakasema, huku wananinyooshea vikombe.

Jumamosi, 8 Machi
Nilimwomba mke wangu akachemshe chai kwa niaba yangu. Akakubali haraka mno. Kufika tu, akaketi kwenye kiti changu! Sasa ana mhusika, mpiga upinde, na kila mtu anamsifu. Mimi nikawasha jiko. Nikauliza nani hataki sukari. Hakuna aliyegeuka. Nimesimama na sinia mpaka mikono ikafa ganzi. Imeniuma kweli. Mchezo huu nimeuanzisha mimi!

Lakini nimewaza huku nikiosha vikombe. Mpango ulikuwa safi. Tatizo mtumishi alikuwa mmoja! Mchawi wangu mpya nimeshamwandaa, atakuwa na wawili: wa kwanza alete taji, wa pili anikinge. Shemeji akauliza kama nimesahau kwamba hawapigani. Nikamwambia huyo wa pili nitamwamuru kwa ukali.