Maana Halisi ya "Nice"

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa katika maisha yangu ya kinyozi! Jirani, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ametundika kibao chenye taa: NICE BARBER. Wateja wangu wawili walivuka kwenda kukishangaa, wakanyolewa hukohuko. Sikujali. Kitini kwangu aliketi mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Akaniambia "nice" limetokana na neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na Waingereza wa kale walilitumia kumwita mpumbavu. Alikuwa akiendelea kueleza, nikawasha mashine. Nilichokitaka nilishakipata. Kinyozi Mpumbavu! Na kajiandika mwenyewe, kwa taa!

Jumatano, 5 Machi
Nimeweka ubao nje: JIRANI AMEJITUKANA KWA KIINGEREZA. INGIA UELEZWE. Watu walijaa hadi mlangoni. Hakuna aliyenyolewa, ila wote wameelimika. Mke wangu akauliza elimu hiyo tutaila na chumvi au bila chumvi. Nimemsamehe, hakusikia mhadhara wote. Jirani naye alikuja, akacheka mpaka akashika ukuta. Jioni akabandika karatasi chini ya kibao chake: MPUMBAVU ANANYOA VIZURI. Foleni yake imefika kwenye kona. Watu hawana haya.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji, anayemwoa dada yangu mdogo kesho, alikuja kunyolewa. Heshima ya ukoo mikononi mwangu! Nikawa nanyoa huku namweleza Kilatini. Nilipofika kwa Waingereza wa kale, nikageuka kumwonyesha kibao cha jirani. Mkono wenye mashine haukugeuka nami. Ukaenda moja kwa moja, kutoka kwenye paji la uso hadi utosini. Barabara nzima!
Shemeji akajitazama kwenye kioo. "Kaka, hii ni nini?"
Nikamwambia ni mtindo. Akavuka barabara na shuka la kunyolea likiwa bado shingoni. Shuka langu! Jirani akamnyoa kipara. Kinang'aa, nakubali. Lakini aliyekianza ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Harusi. Dada alipokiona kile kipara, alicheka kwa furaha, akasema mumewe ni "nice". Nikashtuka. Anamtukana mbele ya wakwe! Nikatwaa kipaza sauti, nikaeleza asili ya neno mpaka wakakizima. Nikaendelea hivyohivyo; sauti ninayo.
Dada akanisogelea. "Kaka, nakuomba ukae." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Moyo uliniuma. Nikakaa.
Mwalimu mstaafu, naye mwalikwa, akasimama kuniokoa. Akasema maneno huhama: hilo lilitoka kwenye upumbavu, likapitia kwenye kuchaguachagua, na karne nyingi baadaye likatua kwenye uzuri. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilipiga kuliko wote. Hadhira nilimwandalia mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nilikwenda kumwomba dada radhi. Akanisamehe, akasema harusi yake hakuna atakayeisahau. Basi nimemtendea mema! Na jana kwenye keki mwalimu alinidokezea jingine. "Silly", ambalo leo Waingereza hulitumia kumwita mjinga, zamani lilimaanisha aliyebarikiwa. Alikuwa bado ananieleza, nikamuaga haraka. Leo nimepaka rangi mwenyewe. Juu ya mlango wangu, herufi nyekundu, kubwa kuliko za jirani: SILLY BARBER. Jirani ndiye aliyenishikia ngazi, mabega yakimtikisika muda wote. Wivu huo!