Farasi Mmoja, Wajumbe Watatu

Mwezi wa Januari mwaka 2013, wakazi wote wa Doha, wenyeji kwa wageni, walitangaziwa rasmi kwamba mbio za farasi za kanda nzima zimeokolewa.

Tume ya Kanda ya Kunusuru Mbio za Farasi ilikuwa imefanya utafiti kwa miezi minane na kugundua kwamba mchezo huo hauna tatizo lolote kubwa. Ulipungukiwa na vitu viwili tu vidogo, navyo ni farasi na watazamaji. Mengine yote yalikuwepo. Jukwaa la viti elfu tano lilikuwepo. Nyasi za kijani zinazonyweshewa mara tatu kwa siku katikati ya jangwa zilikuwepo. Kipaza sauti kilikuwepo, na Tume yenyewe, bila shaka, ilikuwepo.

Kuhusu farasi, Tume iliona hakuna la kufanya haraka. Miaka ya nyuma mbio moja ilikuwa na farasi kumi na wanne wakifukuzana mpaka vumbi linaingia kwenye chai ya wageni. Siku hizi matajiri walikuwa wamewahamishia farasi wao ng'ambo, wakufunzi wakawafuata farasi, na ukipata wanne wa kukimbia siku moja unamshukuru Mungu. Farasi ni ghali. Watazamaji, Tume ikaamua, ni rahisi.

Jeremiah Oloo, mlinzi wa lango kuu, alilisikia tangazo hilo akiwa wima. Karibu kila kitu alikisikia akiwa wima, kwa sababu langoni hapakuwa na kiti, na kilipoombwa baadaye kikawa ajenda.

Na si kiti peke yake. Likizo ya Oloo nayo ilikuwa ajenda. Aliiomba tarehe sita Januari, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya Ahero, Kenya, ili aende nyumbani kumwoa Peninah mwezi wa Aprili. Kampuni yake ya ulinzi haikuwa na neno. Ilitaka tu karatasi yenye sahihi tatu za Tume, kwa kuwa uwanja ni wa Tume, ndipo impe kibali cha kutoka nchini. Sahihi tatu! Utadhani anaomba kuhama na lango.

Shida ni kwamba kikao halali kilihitaji wajumbe wote watatu. Mwenyekiti alikuwa Daktari Bradley, mtaalamu wa mikakati aliyeishi kule The Pearl, mtaa wa matajiri, na aliyewahi kumwona farasi kwa karibu mara mbili. Katibu alikuwa Bwana Cyrus, Mkenya mwenzake Oloo, mwenye tai nyekundu na sauti ya kusoma taarifa ya habari. Mjumbe wa tatu alikuwa Daktari Augustine, Mganda, daktari wa farasi hasa, na huyo hakuonekana mkutanoni hata siku moja kwa sababu alikuwa zizini akiwatibu. Basi kila mwezi wajumbe wawili walikaa, wakanywa kahawa, wakaandika kumbukumbu kwamba kikao hakikufanyika, wakazithibitisha.

Harusi ya Aprili ikasogezwa Agosti. Ya Agosti ikasogezwa Desemba, Jumapili ya tarehe kumi na tano.

"Jeremiah," Peninah alimwambia kwa simu, na Oloo akaijua ile sauti, "mama ameshona nguo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mwembamba. Sasa sikiza. Ukikosa hii ya tatu, usijisumbue kunipigia. Nitakuwa nimeshaelewa."

"Nitakuja, mpenzi. Wallahi."

"Wewe ni Msabato wa SDA, wacha wallahi za huko. Sema utakuja."

"Nitakuja," akasema Oloo, na roho ikamwuma, maana hakujua atakujaje.

Wakati huo huo kazi ya kunusuru ilipamba moto. Kila Alhamisi mabasi yalikwenda mtaa wa Al Mansoura na kwenye kambi za wafanyakazi, yakarudi yamejaa wafagizi, madereva, walinzi walio zamu ya kupumzika, wapishi wa hotelini. Kila mmoja alipewa kofia, maji na pakiti moja ya biskuti, akaketishwa juani awe umma. Bwana Cyrus aliwafundisha mwenyewe. Shangwe, alieleza, ni za madaraja matatu. Daraja la Tatu ni mnong'ono wa matumaini. La Pili ni makofi ya kuketi. La Kwanza ni kusimama, kupunga kofia na kupiga kelele kama mtu aliyeona farasi wake anaongoza.

"Na kama hakuna farasi, bosi?" aliuliza Jennifer, mlinzi mwenzake Oloo, aliyekuwa na kile kimashine cha kubonyeza cha kuhesabia watu.

"Shangwe haitegemei farasi," alijibu Bwana Cyrus. "Hayo ni mawazo ya zamani."

Lakini umma una tabia mbaya. Ukila biskuti, unaondoka. Ndipo mwezi wa Oktoba ukatoka Waraka Namba Saba, ulioandikwa na Bwana Cyrus kwa siku tatu mfululizo na kubandikwa langoni. Ulikuwa na vifungu vitatu. Kwanza, kila aingiaye langoni ni mtazamaji, bila kujali cheo. Pili, hakuna mtazamaji atakayetoka kabla farasi wa kwanza hajavuka mstari wa mwisho wa mbio ya mwisho, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya kikao halali cha Tume. Tatu, kikao kitashughulikia ajenda zote kwa kufuata tarehe zilipoletwa, bila kuruka hata moja, ili kuondoa upendeleo.

Wiki iliyofuata Oloo alimfungulia lango mfagizi mmoja Mnepali aliyekuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Bwana Cyrus akamwona.

"Oloo! Wewe umeajiriwa kufikiri?"

"Hapana, Bwana Cyrus. Lakini yule alikuwa anaumwa."

"Mlinzi hafikiri! Mlinzi anasoma waraka. Hata awe nani."

"Hata awe nani?"

"Hata niwe mimi!" alifoka Bwana Cyrus, akampa barua ya onyo. Oloo aliikunja vizuri akaitia mfukoni. Hakuwa mtu wa kuhitaji kuambiwa mara mbili.

Basi ikafika Alhamisi tarehe kumi na mbili Desemba. Ndege ya Oloo ilikuwa inaruka saa saba usiku huo. Sanduku lake, kilo thelathini kasoro robo, lilikuwa limefungwa tangu Jumatatu chumbani Mansoura. Kibali kilikuwa juu ya meza ya ofisi ya kampuni, kinangoja ile karatasi, na ofisi ilifungwa saa mbili usiku. Oloo alisimama langoni amevaa sare, karatasi mfukoni, haina sahihi hata moja.

"Buda, leo unaruka ama unabaki?" Jennifer alimwuliza.

"Sijui, Jenny. Mwenyekiti nimemwomba asubuhi, akasema nilete kwenye kikao."

"Kikao gani sasa? Si hicho huwa hakifanyiki? Aki hawa watu!"

Ilikuwa siku kubwa. Saa moja jioni, katika hoteli moja kule The Pearl, Daktari Bradley angetunukiwa Tuzo ya Mwokozi wa Mbio, na hotuba yake yenye kichwa "Mustakabali Umeshika Kasi" ilikuwa tayari mfukoni. Kimashine cha Jennifer kilisoma watazamaji elfu nne mia tisa tisini na sita. Mbio ya mwisho ya siku, ambayo pia ilikuwa ya kwanza, ilipangwa saa kumi.

Farasi walitarajiwa wawili. Wa pili aliuzwa Jumanne.

Kwa hiyo lango la kuanzia likafunguliwa, umma ukapiga Daraja la Kwanza, na farasi mzee wa rangi ya kahawia aitwaye Fahari ya Kanda akatoka peke yake kwa kasi ya kuridhisha. Alikwenda hatua mia mbili hivi. Halafu akatazama nyuma, akaona hakuna anayemfukuza. Akatazama chini, akaona nyasi. Akainamisha kichwa akaanza kula.

Mpanda farasi akamsihi, akambembeleza, akamwimbia. Wapi! Daktari Augustine akaletwa mbio kutoka zizini, akamkagua farasi meno, macho na miguu mbele ya umma mzima.

"Hana ugonjwa," akasema. "Ana raha."

Saa kumi na moja farasi alikuwa anakula. Saa kumi na moja na nusu alikuwa amehamia sehemu yenye nyasi ndefu zaidi. Umma ulishuka mpaka Daraja la Tatu, nao mnong'ono haukuwa wa matumaini. Saa kumi na mbili kasoro robo Daktari Bradley akatazama saa yake, akafunga kifungo cha koti, akashuka langoni kwa mwendo wa mtu anayengojewa. Bwana Cyrus alikuwa nyuma yake, na Daktari Augustine nyuma ya Bwana Cyrus, akiomba lifti.

Daktari Bradley alisema neno moja la Kiingereza, ambalo Oloo alilielewa vizuri sana. Lakini Bwana Cyrus alipenda kutafsiri.

"Mheshimiwa Mwenyekiti anaelekeza kwamba, kwa kuzingatia ratiba ya kitaifa na kimataifa, lango lifunguliwe."

Oloo akapiga saluti. "Mbio imekwisha, Bwana Cyrus?"

"Hujamwona farasi?"

"Nimemwona. Ndiyo maana nauliza."

"Oloo, usinichezee. Fungua!"

Tusidanganyane kuhusu Oloo. Aliogopa. Lakini alikuwa na barua ya onyo mfukoni, na kila alipofikiri kufungua alikumbuka kwamba hakuajiriwa kufikiri. Akaunyoshea kidole waraka uliobandikwa, akaanza kuusoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Watu wa viti vya mbele waligeuka wasikilize. Kwa muda mrefu hawakuwa wamepata kitu cha kutazama.

"Kila aingiaye ni mtazamaji, bila kujali cheo," alimaliza. "Na ukaniambia, hata uwe wewe."

Bwana Cyrus akautazama waraka. Aliyeuandika ule waraka ni yeye, kwa siku tatu, na aliujua kwa moyo.

Ni Daktari Augustine aliyesema, kwa upole wa watu wa kwao, "Lakini ssebo, bwana wangu, sisi hapa si watatu? Si tukae tu hapa tuwape idhini?"

Kwa mara ya kwanza tangu iundwe, Tume ilikuwa na akidi.

Kikao kikafunguliwa palepale langoni, wajumbe wakiwa wima kwa kukosa kiti. Bwana Cyrus akatoa faili, jasho likimtiririka mpaka kwenye tai. "Ajenda ni moja, ya dharura. Mwenyekiti kutoka."

"Hiyo imeletwa leo," akasema Oloo. "Kifungu cha tatu. Kuna za mbele yake."

"Ngapi?"

"Thelathini na moja," akajibu Jennifer, ambaye hesabu ilikuwa kazi yake.

Ajenda ya kwanza, ya tarehe sita Januari, ilikuwa likizo ya J. Oloo. Daktari Bradley alitia sahihi bila kusoma, mgongoni mwa Bwana Cyrus. Bwana Cyrus akatia. Daktari Augustine akatia, akamshika Oloo mkono. "Weebale, hongera, bwana harusi," akasema. "Msalimie bibi." Macho ya Oloo yakajaa maji ghafla, akageuka akajifanya anakagua kufuli.

Ajenda ya pili ilikuwa barua ya watazamaji, ya mwezi Februari, kuomba wote wanaoletwa kwa mabasi waruhusiwe kuondoka na mabasi yao jua likizama. Daktari Bradley alitazama saa. Sahihi, sahihi, sahihi.

Jua lilikuwa limeshazama. Lango likafunguliwa, na watu elfu tano kasoro wanne wakatoka wakipunga kofia na kupiga kelele ambazo Bwana Cyrus, kwa uaminifu wa kitaalamu, alilazimika kukiri ni za Daraja la Kwanza. Daktari Bradley alijaribu kupita katikati yao. Jennifer akamzuia kwa kiganja.

"Pole, bosi. Wewe ulikuja na basi?"

Hakuja na basi. Alikuja na Land Cruiser.

Oloo alimkabidhi Jennifer funguo. Yeye pia, ukifuata kifungu cha kwanza, alikuwa mtazamaji, lakini mtazamaji mwenye sahihi tatu. Akatoka kwa mguu wake mwenyewe, akapanda basi la Mansoura. Nyuma yake alisikia Bwana Cyrus akisoma, sauti imekauka, "Ajenda ya tatu. Kiti cha langoni."

"Kipitishwe," alisema Daktari Bradley.

"Na kivuli?" aliuliza Jennifer. "Hiyo ni ya nne."

Saa mbili kasoro dakika tano Oloo aliipata ofisi ingali wazi. Saa tano alikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, sanduku miguuni, simu sikioni.

"Uko wapi?" aliuliza Peninah.

"Niko kwa foleni ya kuingia ndege."

"Hebu apa."

"Naapa. Mwambie mama avae."

Upande wa pili akasikia mtu anapenga kamasi. Halafu simu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa Jennifer.

"Buda, farasi amemaliza," aliandika. "Saa tatu na nusu. Tulikuwa ajenda ya ishirini na saba, mifereji ya choo. Nyasi zilimshinda, akaamua kurudi zizini, na zizi si liko ng'ambo ya mstari? Akavuka akitembea. Nimempa nafasi ya kwanza. Daktari Bradley alikuwa amesimama juu ya kiti changu kipya, amevua koti analipunga, analia, anaita jina la farasi mpaka sauti imekatika. Nimemhesabu. Tangu tuanze, ndiye mtazamaji wa kwanza kushangilia bila biskuti."