Maoni ya Umma, Ambaye ni Mimi

Kwa heshima kubwa nautangazia umma kwamba Umma ni mimi.

Si mzaha, wajukuu zangu. Niliteuliwa. Idara ya Maoni ya Watazamaji ilichoshwa na watu waliokuwa wakitoka kwenye ukumbi wetu wa maigizo kila mmoja na lake: huyu kacheka, yule kanuna, mwingine anauliza mbona mwizi hakukamatwa. Vurugu tupu. Maoni yalikuwa yametapakaa mpaka barazani kwa watu. Ndipo Mkurugenzi akaamua kwamba umma uwe na mdomo mmoja, na mdomo huo uwe na meno machache ili usitafune mambo sana. Wakaniona mimi.

Nikapewa kiti chenye mto, mstari wa mbele, mgongoni kimeandikwa UMMA. Nikikohoa, karani anaiarifu idara kwamba umma una kikohozi. Nikienda msalani, mchezo unasimama, maana hauwezi kuendelea bila umma. Wale waliojazana nyuma yangu mpaka mlangoni, kiofisi waliitwa "wengineo".

Maoni yaliyoidhinishwa yalikuwa matatu: Imependeza, Imependeza Sana, na Haijapendeza. Hutolewa kabla mchezo haujaanza, ili yasije yakaathiriwa na mchezo. Kinyozi wa mtaani kwetu, mtu asiyejua utawala, aliniuliza, "Bibi, unasifiaje chakula na sufuria bado haijainjikwa?"

Nikamwambia, "Wewe nyoa. Mambo ya kitaalamu waachie wenye viti."

Kulikuwa na utaratibu mwingine mzuri. Neno lolote la Mkurugenzi kwenye kipaza sauti lilikuwa agizo, na agizo sharti litekelezwe kabla hajashuka jukwaani. Mwaka jana alipiga chafya pale, ikaundwa kamati ya utekelezaji. Mpaka leo wanakutana.

Basi mambo yalininyookea mpaka ilipofika zamu ya mjukuu wangu. Mchana ni fundi cherehani, jioni ni mwigizaji, na safari hii mchezo kautunga mwenyewe. Siku chache kabla ya onyesho karani akabisha hodi nyumbani.

"Shikamoo, Bibi Umma."

"Marahaba. Karibu kiti. Hiki cha kawaida tu, chenye mto kiko ukumbini."

"Nimekuletea maoni yako ya Jumamosi."

"Ehe, ninasemaje?"

"Haijapendeza."

"Jamani! Kitu gani kimeniudhi hivyo?"

Karani akakuna shingo. "Magari ya idara yanaungua jua, Bibi. Ule ukumbi una paa zuri. Umma usiporidhika, ukumbi unafungwa, magari yanaegeshwa humo."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, pini mdomoni. Akazitemea kiganjani. "Bibi, ukilisema hilo neno, sisi basi tena. Ukumbi mwingine hatuna."

"Na nisipolisema, nanyang'anywa kiti."

"Kumbe kiti!" Akarudi kwenye cherehani yake, akaikanyaga kama anayemkanyaga mtu.

Lile "kumbe kiti" likanikaa rohoni. Kesho yake nikamshika mkono, tukaenda kumwona Mkurugenzi.

Ofisini tukakuta meza pana, kiti cha kuzunguka, na koti jeusi limevalishwa mgongo wa kiti. "Mkurugenzi yupo?" nikauliza.

"Yupo," karani akasema. "Si unaliona koti?"

Tukakaa. Wenye shida zao wakaingia, wakaliona koti, wakashusha sauti, wakatoka kwa adabu. Mfagiaji akaja akalipangusa mabega. Nami nikalisemesha, "Hujambo, baba?" Halikuitikia, nikajua limebanwa na kazi.

"Lakini mwenyewe huja lini?" mjukuu wangu akanong'ona.

Karani akatazama mlango. "Dada, mimi tangu niajiriwe nafanya kazi na koti. Halina makuu, wala halikaripii mtu."

Mjukuu wangu, kwa mazoea ya ufundi, akalishika mkono koti lile, akaukagua. "Bibi, tazama. Kiwiko hakina hata mkunjo mmoja." Akaanza kucheka. Njia nzima anacheka. Tulipofika nyumbani akasema sehemu ya kwanza ya mchezo wake anaibadilisha. Hakuniambia zaidi, nami Umma siulizi kabla sijaarifiwa.

Jumamosi ukumbi ukafurika. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, shati na tai, maana kulikuwa na picha za kupigwa. Karani nyuma yake kashika funguo na kufuli jipya. Mkurugenzi akapanda jukwaani, akagonga kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Umma umeutazama mchezo huu kwa makini..."

"Haujaanza!" akapayuka mmoja wa wengineo.

"Umma utakuwa umeutazama," akajirekebisha. "Karibu, Umma, utoe kilio chako."

Nikapanda. Chini ya pazia nikaiona miguu ya mjukuu wangu na ndala zake. Nikafungua mdomo niseme Haijapendeza, kama nilivyoelekezwa. Likatoka lile neno ambalo maisha yangu yote nimelitumia kutuliza nyumba iliyojaa watu.

"Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi ukaitikia. Na aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, tena kwenye kipaza sauti, alikuwa Mkurugenzi. Hakukusudia, maskini. Naye kalelewa na bibi.

"Mfanyakazi wangu hana kichwa, hana miguu, na kazini hakosi."

Wengineo wakaanza kucheka. Nusu yao walishawahi kwenda kulia shida kwenye ile ofisi. Karani akajibana pua. Asiyejua alikuwa mmoja tu.

"Meza!" akasema Mkurugenzi.

"Meza ina miguu, baba."

"Saa ya ukutani?"

"Ya kwenu ilishakufa."

"Feni!"

"Feni ina kichwa. Tena hiyo haifanyi kazi."

"Toa mji! Toa mji!" ukumbi ukapiga makofi. Na mtu akishindwa, hana ujanja.

Akafuta jasho kwa tai. "Haya, Bibi, chukua mji wa jirani."

"Huko yuko wifi yangu, hatusemezani."

"Chukua mji mkuu!"

"Nitapotea. Mimi mtu wa karibukaribu."

"Basi chukua ukumbi huu huu, uniambie jibu!"

Kipaza sauti kikapiga mluzi. Karani, mtumishi mtiifu, akanyoosha mkono akanikabidhi funguo, na lile kufuli jipya juu yake. "Imetekelezwa, Mheshimiwa."

"Ulikuwa mchezo, wewe!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ukumbi ni wa michezo. Na tukilifuta agizo hili, itabidi tuivunje na kamati ya chafya."

Mkurugenzi akanigeukia, sauti imekuwa ya mtoto. "Bibi, na jibu je?"

"Liko nyuma ya pazia. Kaa utazame." Nikamkalisha kwenye kiti changu, chenye mto. Mimi nikaenda kubanana na wengineo, karibu na kinyozi.

Pazia likafunguka. Meza, kiti cha kuzunguka, koti jeusi. Mjukuu wangu akaingia akinyata, akaliinamia: "Mkuu, samahani kukukatiza." Watu hoi. Mkurugenzi naye hoi, anajipiga mapaja, anasema, "Jamani, koti hili! Bosi gani huyu?" Alicheka kuliko wengineo wote, mpaka mjukuu wangu alipouinua ule mkono wa koti, akauonyesha ukumbi kiwiko.

"Halina mkunjo," akasema. "Mwenyewe hajawahi kuegemea kazi."

Pale mbele kicheko kikakatika. Kinyozi akainuka, akakielekea kile kiti chenye mto, akauliza kwa heshima zote, "Umma, umeonaje?"

Umma ulikuwa unajipapasa mabega, huku na huku. Ulikuja na shati tu. Koti lilikuwa kazini.