Marufuku ya Sijambo

Jumatatu, 3 Machi
Leo natimiza miaka arobaini na mmoja tangu nitoke kwetu. Sikumwambia mtu. Nilikwenda shuleni kama kila wiki kuwasomea hadithi watoto wa darasa la tatu, darasa la mjukuu wangu. Balaa! Mwalimu wao ametoa amri: ukiulizwa hujambo, usijibu sijambo kama si kweli. Useme una jambo, na ulitaje: hofu, wivu, huzuni. Eti watoto wajitambue. Mimi niliyesahihisha vitabu maisha yangu yote nishuhudie salamu ikivunjwa miguu? Thubutu! Nimeapa kuirudisha.

Jumanne, 4 Machi
Nilisimama getini na mfuko wa pipi. Sijambo moja, pipi moja. Nikavuna sijambo ishirini na saba, safi kabisa. Kisha kibogoyo mmoja wa meno ya mbele akatangaza kuwa ana jambo: ana wivu, mwenzake amepata mbili. Wote wakamfuata. Mambo yakamwagika! Mwalimu akaninyang'anya mfuko, akasema kwa upole, mzee wangu, hiyo ni hongo. Mlinzi wa geti, kwa kujipendekeza, akasema naye ana jambo: kiatu kinambana. Watoto wakampa pole. Mimi hakuna aliyenipa.

Alhamisi, 6 Machi
Barua ya mdogo wangu. Nyumba yetu imebomolewa, barabara inapanuliwa. Umekwenda na mlango ule, ambao marehemu baba alitupimia urefu juu yake kwa alama za mkaa. Ameandika, kaka, usijisumbue, hakuna pa kufikia. Nimeificha ndani ya kamusi. Mjukuu akaja na begi. Viatu vyake vimo tayari kwa safari ya kwetu niliyomwahidi likizo hii. Akanitazama sana, akauliza, babu, hujambo? Sijambo. Nikakimbilia jikoni kukata vitunguu, nipate machozi yenye sababu. Mpango madhubuti! Binti yangu akauliza, baba, vitunguu tisa vya nini, na sisi tunakunywa chai tu? Tangu hapo sijamtazama mjukuu usoni.

Ijumaa, 7 Machi
Darasani mjukuu alisimama. Akasema ana jambo: babu yake ana huzuni, hataki kumwambia, naye mwenyewe anadhani amemkosea babu. Nyuso zote zikanigeukia. Mlinzi, pale dirishani, akavua kofia. Mwalimu akaniuliza taratibu, hujambo, mzee wetu?

Nikafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Nikajibu kwa sauti, sijambo!

Mjukuu akaketi. Jioni ametoa viatu kwenye begi, akavipanga mlangoni kando ya vyangu.

Hata hivyo, salamu imeshinda. Kesho nitanunua pipi nyingine, na mtoto nitamwambia safari ni mwakani. Sitarudi kwetu.